Kopo la Ugoro Lenye Laini Sita

Kabla ya habari ya laini, nieleze kwanza habari yangu, maana wapo wasomaji wasionijua, ingawa Ngarenaro yote inanijua. Shule niliacha darasa la nne. Sikufukuzwa wala sikufeli. Niliona tu kwamba mwalimu ana baiskeli mbovu na mimi nina mbuzi watatu wazima, nikajiuliza nani hapa amfundishe mwenzake maisha. Nikaanza kuswaga mbuzi kwa miguu kutoka Oldonyo Sambu mpaka mjini. Nikapata bucha ya kupanga, kisha bucha yangu mwenyewe, kisha pikapu. Serikali ilipofungua milango ya biashara, wengine walisimama kizingitini wakichungulia. Mimi niliingia na viatu.

Simu za mkononi zilipokuja, huko nako nilitangulia. Upande wetu wa Mlima Meru, upande wa magharibi tunakoishi sisi Waarusha, mtu wa kwanza kumiliki simu ni mimi. Watabisha. Waache wabishe. Ilikuwa nzito kama jiwe la kunolea kisu, na ilikaa kiunoni mwangu ndani ya mfuko wa ngozi nilioshonewa na fundi viatu. Kanisani niliikalisha juu ya benchi, ili waumini wa nyuma waione bila kujisumbua kunyoosha shingo.

Siku hizi binti yangu ananionyesha kwenye simu yake ramani ya Arusha, na pale Kimandolu tulipoketi kitone cha bluu kinapumuapumua. "Baba, huyu ni wewe." Nikamwambia mimi si mdogo hivyo. Na ukitaka laini leo, utatoa kitambulisho na kidole juu yake. Sisi tulinunua laini kama karanga. Ulitoa hela, ukapewa, hakuna aliyekuuliza umezaliwa wapi. Ndiyo maana vijana wanadhani hofu ya kufuatwa na simu ilianza na wao. Haikuanza na wao. Sisi tuliiogopa mapema, tena tukaifanyia ujanja, na ujanja huo nusura umkoseshe rafiki yangu kazi aliyoiota maisha yake yote.

Rafiki yangu huyo ni wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja, na kwetu mtu wa rika lako hakufichi kitu. Chakula chake ni chako, kitanda chake ni chako, na ukimuuliza jambo lazima akujibu. Alikuwa akiendesha lori la mchanga, na sote tulimwita Dereva, hata mama yake mzazi. Mwaka ule homa ya matumbo ilimkamata ikamkausha mpaka suruali ikawa inamshinda kuivaa. Alipoanza kuamka na kutembea na fimbo, tukasema: huyu dawa ya hospitali imefanya kazi yake, sasa apelekwe orpul.

Orpul ni kambi ya nyama. Wanaume wanaingia msituni na dume la ng'ombe, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na mizizi na magome ya miti, mpaka mifupa ikumbuke kazi yake. Wanawake hawaendi, wala hawaambiwi mahali. Mahali ndiyo siri yenyewe. Hata mimi hapa ninapoandika sitasema ni msitu gani. Ridhika kwamba upo Meru na una miti.

Sasa Dereva alikuwa na jambo moja moyoni. Kabla homa haijamlaza alikwenda Kijenge kwa mama mmoja wa Kichaga, mwenye magari ya kupeleka watalii mbugani, akaomba kazi. Kwa mtu wa lori la mchanga hiyo ilikuwa kama kutoka zizini kuingia sebuleni. Mama alimsikiliza, akaandika namba yake ya simu, akamwambia, "Wiki ya kwanza baada ya mvua nitakupigia. Nitapiga mara moja tu. Usipopokea, nachukua mwingine. Dereva asiyepokea simu ni kama gari lisilo na honi." Tangu siku hiyo Dereva alilala na simu kifuani. Tulipomwambia habari ya orpul alihesabu majuma, akaona tutarudi kabla, akakubali.

Tulikuwa sita. Tulipofika pale kijito kinapoingia msituni, mkubwa wetu akasimama njiani na kunyoosha mkono. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu mwenye shaka na kila kitu kisichokuwa na kwato.

"Simu," akasema. "Zote."

"Za nini tena?" nikauliza. Yangu ilikuwa mpya, ya pili hiyo, nyembamba.

"Mke wangu ana mpwa wake Dar es Salaam, anafanya kazi kwenye kampuni ya simu. Ameniambia kwa mdomo wake: simu ikiwa na laini, hata ukinyamaza kama maiti, mnara unakuona. Mtambo unajua fulani yuko hapa. Sasa wake zetu wakimpigia huyo mpwa, orpul yetu itakuwa ya siri gani?"

"Basi tuzime tu," akasema mwalimu wa kwaya. Huyu naye ni wa rika letu, ana besi ya kutikisa madirisha ya kanisa.

"Ukizima imelala. Aliyelala siye aliyekufa."

"Ero, mwenyekiti," nikamwambia, ndivyo tunavyoitana wanaume wa kwetu, "kwani mkeo ana hamu gani ya kujua unakula nyama chini ya mti gani?"

"Wako hana, kwa sababu amekuchoka. Wangu bado ananipenda. Toa laini."

Watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichotumaliza. Tukafungua simu migongo, tukatoa betri, tukatoa laini. Mwenyekiti akamwaga ugoro wake wote kwenye kitambaa, akazitia laini kwenye kopo lile tupu la ugoro, akalifunga na kulitia kifuani. Nieleze hapa ili mtu asiniulize baadaye: wakati ule upande wetu wa mlima ulikuwa na mnara wa kampuni moja tu. Kwa hiyo laini zote sita zilikuwa za kampuni moja, rangi moja, sura moja, kama vifaranga wa kuku mmoja. Mimi nilikuwa na wazo kwamba tuzitie alama. Nilikuwa nalo kabisa. Nyama tu ndiyo iliyonivuta nikaenda bila kulisema.

Siku za orpul sitazieleza sana, kwa sababu ni zetu. Nitasema tu kwamba niliendelea kutembea na simu yangu isiyo na laini, nikicheza ule mchezo wa nyoka anayekula vidoti, mpaka betri ikaisha nikiwa nimewashinda wote. Nitasema pia kwamba Dereva alipanda mlima na fimbo akashuka bila fimbo. Siku ya mwisho alimbeba mwalimu wa kwaya mgongoni akazunguka naye moto, na mwalimu wa kwaya si mtu mwepesi, besi ile ina uzito wake. Tulipiga kelele mpaka nyani wakahama.

Tukashuka alfajiri ya Jumatatu, tumeng'aa mafuta mpaka visigino. Pale pale kwenye kijito mwenyekiti akamwaga laini juu ya shuka lake. Kila mtu akachukua yake. Yaani, kila mtu akachukua aliyoiona kuwa yake. Tukapangusa ugoro, tukapiga chafya, tukaagana.

Mimi nikapitia nyumbani kuchaji simu, nikavaa shati langu la Jumapili kwa sababu siku hiyo nilijisikia Jumapili, nikashuka Ngarenaro kwenye bucha. Nikawasha simu nimpigie mke wangu, ambaye sikumkuta nyumbani, kwamba nimefika. Nikatafuta jina lake, halipo. Nikaona "Tairi Kubwa". Nikaona "Mchanga Kisongo". Nikaona "Yeyo", ambayo kwetu ni mama, nami mama yangu alikwishafariki na hakuwahi kushika simu. Nikasema, hii ni nini? Kabla sijapata jibu, ikalia.

"Halo," akasema mwanamke. "Naongea na dereva?"

Hapo mtu mwingine angesema umekosea namba, na maisha ya mtu yangekwenda na maji. Lakini kichwa changu hakikuchakazwa na shule, bado kilikuwa kipya. Tairi, mchanga, Yeyo, na sauti ya mama wa Kichaga anayeongea kama mtu mwenye magari yake. Nikajua papo hapo, maana wakati ule majina yalikaa ndani ya laini: simu ni yangu, laini ni ya Dereva.

"Unaongea naye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi bado unaitaka?"

"Naitaka mama, mpaka naumwa."

"Gari likikufia porini, una wageni, utafanyaje?"

"Haliwezi kunifia, mama. Magari yananiogopa. Injini naifungua kwa kijiko."

"Kwa kijiko?"

"Kikikosekana, kwa uma."

"Njoo leo saa nane kamili, na leseni. Mko wawili. Saa nane ikipita, nakwenda na huyo mwingine." Akakata.

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tano. Nikapiga namba yangu mwenyewe, ili nijue nani ana laini yangu. Ilipokelewa na besi.

"Halo, Dereva!"

"Mimi siye Dereva. Wewe nani?"

"Wewe ndiye uliyepiga. Kwenye kioo imeandikwa Dereva. Kama wewe siye Dereva, umeiba simu ya mgonjwa."

"Mwalimu! Mimi ndiye mwenye hiyo namba unayoitumia!"

Kikatoka kicheko, kile cha kutikisa madirisha. "Ndiyo maana tangu nifike nyumbani watu wananipigia kuniuliza bei ya utumbo! Mmoja nimempunguzia."

"Umempunguzia utumbo wangu?"

"Alikuwa anaomba vizuri."

Nikamweleza habari ya mama wa Kijenge, kicheko kikamkauka. Mimi nina laini ya Dereva, yeye ana yangu; ya kwake anayo nani? Hakujua. Nikasema nitaipiga nione. Nikaipiga namba ya mwalimu wa kwaya. Ikaita, ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena. Ikaita mara moja, ikakatwa. Mara ya tatu yule dada wa kwenye mtambo akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa.

Nikampigia tena mwalimu, yaani nikajipigia. Nikamwambia kuna mtu anatukatia. Nikasikia mkewe kando, "Hebu nipe mimi hiyo simu."

"Shemeji," akasema, "nyama zimewaletea akili au zimeziondoa?"

"Shemeji, si wakati wa matusi. Namtafuta Dereva."

"Nisikilize basi. Asubuhi, mume wangu bado hajafika, nilimpigia kwenye namba yake. Nikasema baba, pitia chumvi. Mtu akanijibu, chumvi gani mama, mke wangu hana sauti hii. Akakata. Sauti ilikuwa ya Dereva. Na nyuma yake mashine ya kusaga."

"Mashine za kusaga ziko kila mahali, shemeji. Niende ipi?"

"Inayokohoa, inakohoa tena, ndipo inapiga mluzi, ni moja tu. Ile ya njia panda, juu ya Ngaramtoni. Mimi nasaga pale, hata nikilala naisikia. Nenda."

Nilikuwa nimekwisha kushika ufunguo wa pikapu. Akaendelea, maana mwanamke akikushika sikio haliachii upesi.

"Halafu laini mnazificha kwenye ugoro! Mnadhani hatukujua mlipo? Moshi wenu tuliuona tangu siku ya kwanza. Mbwa wa mwenyekiti alikuwa anakwenda huko kula mifupa, anarudi kwetu kunywa maji. Hatukuwafuata kwa sababu tulikuwa tumepumzika. Nyumba ilikuwa nzuri, kimya, hakuna anayekoroma."

"Moshi si mahali, shemeji. Moshi ni moshi."

"Haya, moshi. Kimbia."

Nilikimbia. Pikapu yangu ile haikuwa na mwenzake barabara ya Nairobi, na siku hiyo iliruka kama mbuzi aliyeona chumvi. Nilikuwa bado nimevaa koti langu jeupe la bucha juu ya shati, kwa sababu nilisahau kulivua, nikapita Sakina watu wakinipisha, nadhani walifikiri ni daktari.

Dereva alikuwepo. Njia panda, mlangoni kwa mashine, bado yuko kwenye foleni tangu asubuhi, gunia la mahindi begani, unga umempaka nywele kama babu. Mkewe alikuwa amempa punda, lakini yeye akasema mtu aliyetoka orpul habebewi na punda, akalibeba mwenyewe ili kijiji kimwone. Mkononi alikuwa na soksi imefungwa fundo.

"Hiyo ni nini?"

Akaangalia huku na huku. "Simu. Nimeitoa betri. Ero, wametuona."

"Nani?"

"Mtambo! Kwanza mwanamke amenipigia ananiita baba, anataka chumvi. Nikajikaza. Kisha..." Akalikaza fundo la soksi. "Kisha nimejipigia mwenyewe."

"Umejipigiaje?"

"Simu imelia mkononi mwangu, nikaangalia kioo, kimeandikwa DEREVA. Mimi! Mimi ninanipigia mimi! Nikakata. Nikapiga tena. Mimi nakata, mimi napiga. Nikasema hapana, hawa wanataka nipokee ili wajue mahali. Ndipo nikaitia kwenye soksi."

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa pikapu. Mwenye mashine akatoka kuangalia. Nikamweleza Dereva: hiyo ni laini ya mwalimu wa kwaya, ndiye aliyekuandika humo Dereva, na aliyekuwa anakupigia ni mimi, kwa laini yako. Akaanza kucheka naye. Kisha nikamwambia mama wa Kijenge amepiga.

Kicheko kikakatika kama uzi. Akalitua gunia, akalikalia.

"Amepiga," akasema. "Mara moja."

"Amepiga."

"Na sikupokea."

"Umepokea. Nimekupokelea."

Aliinua uso. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile, na unga wote ule.

"Saa nane, na leseni," nikasema. "Mko wawili. Simama."

Leseni ilikuwa ndani ya mfuko wa shati lake, imeviringishwa nailoni, alitembea nayo hata msituni. Lakini shati lenyewe lilinuka moshi, damu na magome ya wiki nzima. Nikavua langu la Jumapili nikampa. Mimi nikabaki na koti la bucha juu ya fulana. Gunia tukamwachia mwenye mashine. Njiani alijiosha kichwa kwa maji ya chupa huku nikiendesha, unga ukageuka uji masikioni.

"Amekuuliza nini?" akauliza.

"Kidogo tu. Gari likifa porini utafanyaje."

"Ukasema?"

"Nimesema injini unaifungua kwa kijiko."

Aliacha kukamua uji akaniangalia, tukipita mashamba ya kahawa. "Kwa nini kijiko?"

"Ndicho kilichonijia."

"Ee Mungu wa baba zangu," akasema, akaendelea kukamua uji.

Tulifika Kijenge dakika chache kabla ya saa nane. Uani palikuwa na magari yamepangwa safi, ya kijani, marefu. Kwenye kiti cha nje alikaa yule mshindani, kijana mwenye miwani ya jua na viatu vinavyong'aa, simu sikioni. Alikuwa anaongea uani kote kusikie: "Niko Kijenge hapa, kwa mama mmoja wa magari. Ndiyo. Nikichukuliwa nitakwambieni kila siku tunapita wapi na wageni, mjipange na vinyago vyenu." Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mama alikuwa nyuma ya meza, mwili mkubwa, kitenge kizuri, kalamu mkononi. Nilimwona anaiweka kalamu chini.

Akamwita Dereva. Na mimi nikaingia. Sikuitwa, lakini mimi huwa siitwi, huwa naingia.

"Huyu daktari ni nani?" akauliza mama.

"Mimi ni mdhamini wake, mama. Nina bucha Ngarenaro, nzuri kuliko zote."

Mama akainua kichwa. "Hebu sema tena."

"Nina bucha Ngarenaro..."

"Sauti hii ndiyo niliyoongea nayo asubuhi. Ya kijiko."

Jasho la Dereva likachora mistari kwenye ule uji uliokauka shingoni. Mimi nikaanza kuvifunga vifungo vya koti la bucha. Dereva ndiye aliyesema, taratibu.

"Mama, ni kweli, haikuwa sauti yangu. Laini zetu zimechanganyika, yangu ameipata yeye. Alipokea kwa niaba yangu ili nisikose. Injini naifungua kwa spana."

"Zimechanganyikaje laini?"

Akamweleza kopo la ugoro. Akamweleza mwenyekiti na mpwa wa Dar es Salaam. Alipofika pale alipojipigia simu, mama alikuwa ameshika kingo za meza, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Alijipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe mmetoka orpul. Nilidhani ofisi yangu inanuka moshi wa jikoni. Msitu gani?"

Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa natafuta tu jina la mto wa karibu, ili kumridhisha mteja. Dereva akanikanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino.

"Mahali hatusemi, mama."

"Mimi si mke wako."

"Hata hivyo, mama. Mahali hatusemi."

"Na nikikunyima kazi kwa sababu hiyo?"

Aliinama. Namjua mtu huyu tangu tukichunga ndama. Nilijua anachokiona pale chini sakafuni: lori, koleo, vumbi la Kisongo. Akainua kichwa.

"Utaninyima, mama. Nitarudi kwenye mchanga. Lakini sitasema."

Alisogea dirishani, akamwangalia yule kijana wa uani ambaye bado alikuwa anaongea na simu. Kisha akachukua ufunguo mmoja ubaoni.

"Twende uniendeshe."

Wakaondoka, yeye na Dereva mbele, yule kijana wa miwani amekaa nyuma akisubiri zamu yake. Mimi nikabaki na mlinzi, Mmeru wa Usa River, nikamweleza jinsi ninavyochagua ng'ombe kwa kuangalia mkia. Walirudi baada ya muda mrefu, gari limejaa vumbi la Njiro. Kijana akapewa zamu yake. Dereva alishuka, akanijia moja kwa moja.

"Vipi?"

"Hakuongea njia nzima. Nimepita kwenye mashimo, amesinzia."

"Amesinzia! Basi umepata."

"Au amenichoka."

Mama aliporudi mara ya pili alimwambia kila mmoja aende nyumbani. "Nitapiga."

Jioni ile rika zima tulikutana kwenye bucha yangu kugawana laini. Mwenyekiti ndiye aliyechelewa, na alifika amenuna, maana siku nzima alikuwa akipigiwa na wanakwaya wakimwomba awape sauti ya kuanzia, kwa sababu mtu fulani aliwagawia namba ya mwenyekiti kama ndiyo ya mwalimu wa kwaya. Tukamzunguka tukicheka. Simu zilikuwa zimepangwa juu ya gogo la kukatia nyama, ziko wazi migongo, isipokuwa yangu, yenye laini ya Dereva. Hiyo hakuna aliyethubutu kuifungua. Wateja walijaa kaunta na sikumuuzia mtu.

Ikalia.

Nikanyoosha mkono, ni mazoea tu. Mikono minne ikanikamata, mwalimu wa kwaya akanikumbatia kwa nyuma kama dume la kuchinjwa. Dereva akajipangusa viganja kwenye shati langu la Jumapili, akaipokea.

"Halo. Ndiyo, mama, ni mimi. Ni mimi mwenyewe sasa." Akasikiliza. "Ndiyo, mama." Akasikiliza tena, midomo inamcheza. "Saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo. Hapana, mama, hata hawa wa rika langu sitawaambia. Asante, mama. Asante sana. Marahaba... yaani, shikamoo."

Akaiweka simu juu ya gogo polepole, kama yai.

"Nina wageni wanne," akasema. "Kesho."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Ule mngurumo wa orpul, unaotoka chini ya kifua, ulijaa bucha mpaka ndoano zikagongana, na mwalimu wa kwaya akashuka nao huko chini anakokujua yeye peke yake. Wateja wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akauliza kama nyama imeshuka bei, nikamwambia leo imeshuka, chukua. Dereva alisimama katikati, analia na kucheka, tukimpiga mgongoni mpaka akakohoa.

Tulipotulia, mwenyekiti akamshika bega. "Sasa tueleze. Unaanzia wapi kesho? Manyara? Ngorongoro? Hao wageni wanalala wapi?"

Na sisi wote tukasogea, maana hayo ndiyo tuliyotaka kuyajua, na mtu wa rika lako hakufichi kitu.

Dereva akafunga mdomo. Akatuangalia mmoja mmoja, uso unang'aa mafuta ya wiki nzima.

"Hapo," akasema, "sisemi."